Vanishi ya Epifanes na hariri ya YLI 100 kwenye fito za zamani za mwanzi

Tathmini hii inahusu bidhaa mbili: vanishi ya Epifanes, ile ya kung'aa iliyoandikwa Clear Varnish kwenye kopo, na uzi wa hariri wa YLI namba 100. Vanishi hutengenezwa na kampuni ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1902 mjini Aalsmeer, na kusudi lake ni mbao za boti. Uzi ni wa kushonea na kudarizi. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya uvuvi, lakini vyote viwili vimezoeleka mezani kwa mafundi wanaofufua fito za kuvulia zilizoundwa kwa mkono. Tumevipima kwa swali moja: atakayeushika ufito huo miaka 40 ijayo ataweza kuitengua kazi ya leo bila kuumiza mwanzi?

Tuanze na ufito wenyewe, maana asiyeujua atanunua vitu vizuri na kuviharibia kazi. Ufito wa aina hii si mwanzi mzima. Ni papi sita za pembe tatu, zilizopasuliwa, zikapigwa randa na kugundishwa pamoja mpaka zikatoa kijiti cha pande sita. Mwanzi unaotumika zaidi ni ule wa Tonkin, unaotoka Guangdong na Guangxi, kusini mwa China. Waundaji waliosifika ni kama Hardy wa Alnwick nchini Uingereza, na Leonard, Payne na Granger wa Marekani. Huku kwetu fito hizi zilifika na wavuvi wa trauti: samaki hao waliletwa kutoka Loch Leven, Uskochi, wakatiwa mto Gura katika milima ya Aberdare mwaka 1905, na waliowafuata mitoni walikuja na fito za mwanzi, za Hardy zikiwemo. Zipo mpaka leo Kenya, nyingine zimelala darini ndani ya mifuko ya kitambaa iliyoota ukungu.

Nguvu ya mwanzi iko kwenye ngozi. Nyuzinyuzi zake zimesongamana upande wa nje, na kadiri unavyoingia ndani zinapungua, unakuta nyama laini isiyo na msaada mkubwa. Kwa hiyo msasa ni adui. Fanya hesabu: ugumu wa kijiti hufuata kipenyo chake kikizidishwa chenyewe mara nne. Ncha yenye unene wa milimita 2 ukiikwangua milimita 0.05 kila upande inabaki na 1.9, na hapo umeondoa karibu asilimia 18 ya ugumu wake. Ukikwangua kiasi hichohicho kwenye shina la milimita 8, unapoteza asilimia 5 tu. Yaani mkono uleule na msasa uleule vinaiua ncha na kuliacha shina. Mbaya zaidi, kilichokwanguliwa ndicho kilichokuwa na nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo hasara halisi inazidi hesabu. Anayesema ufito wa zamani umelegea kwa uzee aulize kwanza nani aliupiga msasa.

Vanishi ya zamani ikiwa bado imeshika, iache. Ipime kwa ukucha karibu na kiungio, yaani bomba la chuma linalounganisha vipande vya ufito: ikibanduka kama magamba ya samaki, imekufa, isipobanduka, ipangusie kitambaa chenye unyevu kidogo na tone la sabuni, ikaushe papo hapo, kisha iongezee mpako mmoja mwembamba juu. Iliyokufa hutolewa kwa wembe mpya ulioshikwa wima kabisa, ukiuvuta na usiusukume, pande moja baada ya nyingine. Wembe ukilala, unachonga. Sufi ya chuma namba 0000, iliyo laini sana, inamalizia. Dawa za kubabua rangi zinazosafishwa kwa maji zikae mbali na fito zilizoundwa kabla ya vita vya pili vya dunia, kwa kuwa nyingi ziligundishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, na gundi hiyo ikinywa maji inaachia.

Sehemu moja haiguswi kabisa: maandishi. Jina la muundaji na namba ya ufito viliandikwa kwa wino mweusi juu ya mwanzi, karibu na mpini, halafu vikafunikwa kwa vanishi. Ukibandua vanishi hiyo, maandishi yanaondoka nayo. Weka tepu ya karatasi sentimita 2 kabla ya herufi ya kwanza na sentimita 2 baada ya herufi ya mwisho, mahali pasipo na herufi na si juu ya wino, na kazi yote ya wembe ikomee kwenye tepu. Kivuli cha vanishi ya zamani kitabaki kikionekana pale, rangi ya asali dhidi ya mwanzi mweupe. Kiache kionekane. Ni haki yake.

Hariri ya YLI 100

Vipete vya kupitishia mshipi hufungwa juu ya ufito kwa uzi. Kwenye fito za kaboni na faibaglasi ni nailoni. Kwenye mwanzi wa zamani ni hariri, na sababu si mapenzi ya mambo ya kale tu. Hariri ni nyembamba, kwa hiyo kifungo hakiongezi donge. Inakunywa vanishi na kuwa kitu kimoja nayo, kumbe nailoni hubaki juu juu. Na siku ya kutengua, wembe unaipitia kwa urahisi.

Namba kwenye rola za YLI huenda kinyume na mazoea ya wengi: 100 ni nyembamba kuliko 50, na 50 ni nyembamba kuliko 30. Kwa ufito wa mwanzi chukua 100. Unene wake unakaribia moja ya kumi ya milimita, hivyo sentimita moja ya kifungo inachukua mizunguko karibu 100. Hapo ndipo hesabu ya rola inapopatikana. Penye unene wa milimita 5, kila mzunguko unakula milimita 16 za uzi, na sentimita nzima inakula karibu mita 1.6. Ufito wa futi 8 wenye vipande vitatu na ncha ya akiba, ukiwa na vifungo kama 40 vya sentimita moja na nusu kila kimoja, hutumia mita 95 hivi. Rola ya mita 200 inautosha, na inabaki ya majaribio na makosa. Fito kongwe zenye vifungo vidogo kila baada ya sentimita chache, vilivyowekwa enzi ambazo gundi haikuaminiwa, zinahitaji rola mbili. Vifungo hivyo usiviondoe kwa kuona gundi ya leo haivihitaji. Ufito uliundwa ukiwa navyo, na uzito wake umo kwenye mwendo wake.

Uzuri wa uzi huu ni usawa. Hauna vinundu, na ukiulaza chini ya mwanga wa taa ya pembeni mizunguko inakaa kama nyuzi za gitaa zilizobanana. Hariri ya Gossamer ya Pearsall's ya Uingereza, iliyotumiwa na mafundi wengi wa zamani, bado inapendwa na wenye kutafuta rangi zilezile za enzi hizo, ila imekuwa adimu. Kwa anayeanza leo, YLI ndiyo inayopatikana kwa uhakika na rangi zake ni nyingi.

Kasoro yake ni rangi, na hapa watu wengi hujuta. Hariri ikinywa vanishi hubadilika. Nyeupe inapotea kabisa, unabaki unaona mwanzi na mguu wa kipete, yaani ncha yake inayofungwa kwa uzi, chini yake kama uko nyuma ya kioo. Njano hafifu inakuwa rangi ya nyasi kavu. Nyekundu inaingia giza, inaelekea damu iliyoganda. Kijani cha kawaida kinaweza kuwa karibu cheusi. Kwa hiyo usichague rangi kwa kuitazama kwenye rola. Chukua kijiti cha mishikaki, ambacho nacho ni mwanzi, zungusha sentimita moja ya kila rangi unayoifikiria, paka vanishi ileile utakayotumia, subiri siku mbili, kisha kilaze kando ya kifungo kimoja cha asili ambacho hujakitoa. Hii ndiyo sababu kifungo kimoja kibaki mpaka mwisho. Ukivitoa vyote siku ya kwanza umetupa ramani.

Kuna dawa ya kuzuia rangi isibadilike, inayopakwa kabla ya vanishi. Itumie pale tu ambapo ufito ulikuwa na rangi iliyofungwa hivyo tangu mwanzo. Shida yake: ikipakwa bila usawa, vanishi inapenya sehemu moja na kuzuiwa nyingine, na kifungo kinatoka na mabaka kama ngozi ya chui. Mabaka hayo hayana dawa isipokuwa kukata na kufunga upya. Ukiitumia, paka mara mbili, nyembamba, na uache saa kadhaa katikati.

Kufunga kwenyewe kunakwenda hivi. Mguu wa kipete unolewe kwa tupa laini mpaka ncha yake iwe bapa kama ulimi, si kali kama sindano. Mguu mnene unaacha ngazi, na uzi ukifika pale unapanda kwa kuruka na kuacha uwazi. Mguu mkali unachoma mwanzi kila ufito unapopinda, na ufito hukatikia papo hapo. Bana kipete kwa tepu nyembamba. Anzia kwenye mwanzi, milimita 3 kabla ya mguu, vusha uzi juu yake wenyewe mizunguko sita, kata mkia, endelea kuelekea kipete. Mizunguko minane kabla ya mwisho laza kitanzi cha uzi mwingine, funga juu yake, pitisha ncha kwenye kitanzi na uivute ipite chini. Kata kwa wembe mpya kabisa. Wembe uliotumika jana unaacha manyoya. Kisha lainisha kwa mgongo wa kijiko ili mizunguko ibanane, na vinyweleo vilivyobaki vipitishe haraka juu ya moto wa taa ya spiriti, kwa kasi ya kupunga mkono. Ukikawia, hariri inakuwa kahawia.

Kaza kiasi gani? Kipete kiweze kusukumwa kwa dole gumba na kunyooshwa mstarini baada ya kufungwa, lakini kisisogee chenyewe ukitikisa. Anayekaza kama anafunga mzigo wa kuni atakuta mguu wa kipete umeacha alama kwenye mwanzi.

Onyo kwa wanunuzi wa hapa: rola nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vitambaa kwa jina la hariri ni poliesta. Choma kipande. Hariri inanukia nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole. Poliesta inayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Poliesta haikunywi vanishi, na kifungo chake baada ya msimu mmoja kinaanza kuzunguka ndani ya vanishi kama pete iliyolegea kidoleni.

Vanishi ya Epifanes

Kabla ya kuingia kwenye kopo, neno kuhusu kilichokuwamo kwenye makopo ya zamani. Vanishi bora za karne ya 19, zile za magari ya farasi ambazo waundaji wa fito nao walizipenda, zilipikwa kwa utomvu mgumu ulioyeyushwa ndani ya mafuta ya kitani. Miongoni mwa tomvu zilizothaminiwa sana ni sandarusi ya pwani yetu, iliyochimbwa ardhini upande wa bara, mkabala na Zanzibar, na kusafirishwa na wafanyabiashara mpaka Salem, Massachusetts, na Ulaya. Iliyochimbwa ndiyo ilikuwa na bei. Chakazi, ile mbichi ya mtini, ilidharauliwa. Unapokwangua vanishi ya ufito wa miaka hiyo, vumbi lile la rangi ya dhahabu huenda lilitoka nyuma ya Bagamoyo. Ni sababu nyingine ya kutolikwangua bila haja.

Epifanes inafuata njia hiyohiyo ya mafuta na utomvu, isipokuwa mafuta yake ni ya mbegu za mti wa tung na utomvu ni wa kiwandani, pamoja na dawa ya kuzuia miale ya jua. Rangi yake ni ya asali hafifu, na kwa ufito wa zamani hilo ni jema: mwanzi unatoka na joto lake, si weupe wa kioo cha gari. Ikikauka inabaki na mnyumbuko, nao ndio tunaoutafuta, kwa sababu ufito unapinda maelfu ya mara na vanishi kavu kama sahani ingepasuka kwenye kingo. Na inatengulika. Wembe uleule, ulioshikwa wima, unaitoa bila kugusa mwanzi. Kwa swali letu la mwanzo, imefaulu.

Lakini ni nzito. Imetengenezwa kujaza mbao za boti, na ukiipaka kama ilivyo kwenye ufito inajikusanya kwenye miguu ya vipete. Angalia kwa karibu: tone linakaa pale uzi unapopanda mguu wa kipete, kwa saa moja linaonekana tambarare, halafu linashuka taratibu upande wa chini na kuning'inia. Likikauka juu na kubaki bichi ndani, linakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kampuni yenyewe inaelekeza mpako wa kwanza upunguzwe kwa asilimia 50 na wa pili kwa asilimia 25, na kwenye vifungo vya hariri tunakubaliana nayo. Mpako wa kwanza ulio mwepesi unazama ndani ya uzi na kufukuza hewa. Ukianza na mzito, hewa inabaki na kutoka baadaye kama vipovu.

Kupunguza ni kwa tapentaini au thina ya kampuni. Ukienda duka la rangi na kusema "thina" tu, utapewa ile ya kupulizia magari, na hiyo inababua vanishi ya zamani iliyo chini na kuvimbisha mpya. Taja tapentaini kwa jina.

Vifungo vinahitaji mipako mitano hivi, kila mmoja ukisubiri saa 24, mpaka mizunguko ya uzi isionekane kama mifereji ukiitazama kwa pembeni. Katikati ya mipako sufi ya chuma ipite kwa wepesi, isifike kwenye hariri. Kisha ufito mzima mipako miwili tu. Tatu ni nyingi. Kila mpako ni uzito unaoning'inia kwenye ncha ya milimita 2, na ufito uliovikwa vanishi nene unarusha mshipi kwa uvivu.

Wenye kutumia brashi watapata kazi nzuri kama brashi ni laini, ya upana wa sentimita moja, na kama hawachovyi kwenye kopo lenyewe. Mimina kiasi cha vijiko vitatu kwenye kikombe kupitia soksi nyembamba ya nailoni, fanya kazi, na kilichobaki usikirudishe. Kopo lisitikiswe kamwe. Vipovu vinavyoingia kwa kutikisa vinachukua saa nyingi kutoka.

Wenye kutumbukiza ufito ndani ya bomba la vanishi na kuuvuta polepole wanapata uso ulio sawa kuliko brashi yoyote, ila wapige hesabu kabla ya kununua. Bomba la kipenyo cha ndani milimita 25 na urefu wa mita 1 linakula mililita 490. La sentimita 130, kwa ufito wa vipande viwili, linakula karibu 640. Kopo la mililita 500 halitoshi. Chukua la lita moja. Kwa kutumbukiza usiipunguze zaidi ya asilimia 10, na vuta kwa sentimita 10 kwa dakika, ukisimama kidogo kila kipete kinapotoka ili utando uliojiziba katikati ya pete upasuke kabla hujaendelea. Viungio vya chuma viwe vimezibwa kwa tepu. Vanishi ikiingia kwenye kiungio jike, kazi ya kuitoa ni ndefu kuliko yote uliyofanya.

Hali ya hewa ina neno lake. Vanishi hii haikauki kwa kupoteza thina tu, inakauka kwa kuvuta oksijeni, na baridi huichelewesha. Nairobi au Nanyuki mwezi Julai, usiku ukishuka chini ya nyuzi 12, saa 24 za kwenye kopo zinakuwa 48. Kabati lililofungwa lenye balbu moja ya zamani ya kutoa joto linasaidia, na linazuia vumbi pia. Mombasa na Unguja joto si tatizo, tatizo ni unyevu. Pakeni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku isiyo na mvua, mwanzi ukiwa umekaa ndani ya chumba kikavu siku kadhaa kabla. Mwanzi uliobeba unyevu ukifungiwa ndani ya vanishi, unyevu huo unatafuta njia, na njia yake ni kwenye mstari wa gundi.

Matatizo mengine na vyanzo vyake. Vishimo vidogo vya mviringo ambapo vanishi inakimbia ni mafuta au nta, mara nyingi ya dawa za kung'arishia samani. Pangusa kwa spiriti, lakini si karibu na maandishi, na upake upya. Chunjua ndogondogo ni vumbi, na vumbi hilo kwa kawaida limetoka kwenye nguo za mpakaji. Uso unaonata baada ya wiki nzima ni mipako iliyowahiana. Usiuweke ufito huo kwenye mfuko wake. Kitambaa kitachora umbo lake kwenye vanishi, na hata ikikauka alama hazitoki. Jaribu kwa ukucha mahali palipojificha chini ya kikalio cha rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi. Kama ukucha unaacha alama, subiri wiki nyingine.

Tumeilinganisha na vitu viwili vinavyopatikana kwa wepesi. Vanishi ya poliurethani ya kawaida ya milango inakauka haraka na inang'aa, ila mipako yake inashikana vibaya na vanishi kongwe ya mafuta na hubanduka kama ngozi ya kitunguu. Epoksi ya sehemu mbili inayotumika kwenye fito za kaboni ni nzuri mahali pake. Kwenye mwanzi wa zamani inafunika vifungo kwa donge la kioo, na siku ya kuitoa inaondoka na hariri na wakati mwingine na utepe wa mwanzi. Hatuipendekezi hata kwa bure.

Jambo moja la kuangaliwa mapema: fito za kampuni ya Orvis ya Marekani zilizoundwa kwa mwanzi ulioloweshwa utomvu hazihitaji vanishi juu ya mwanzi. Zinasuguliwa na kung'arishwa. Epifanes juu yake ni kosa, paka vifungo tu.

Gundi na viungio

Hapa tutapita haraka, kwa kuwa si bidhaa tulizokusudia. Papi zikiachana kwa urefu mfupi, ingiza gundi ya mbao ya Titebond III kwa wembe mwembamba, funga kwa uzi wa pamba kwa msokoto wa kwenda na kurudi, pangusa, acha saa 24. Supaglu isikaribie. Inakimbilia ndani ya ufa, inaziba njia ya gundi halisi, na ni kavu mno kwa kitu kinachopinda.

Viungio ni vya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao unaitwa fedha kwa rangi yake tu. Kiungio dume kikigoma kuingia, kisafishe kwa pamba yenye spiriti kabla ya kufikiria chochote kingine. Mara nyingi ni uchafu wa miaka. Kiungio kilicholegea kwenye mwanzi hutolewa kwa moto mdogo, baada ya kusukuma nje kijisumari kinachokishikilia, na moto huo uwe wa sekunde chache kwa sababu gundi ya ngozi inalegea kwenye nyuzi 60 hivi. Kukirudisha, gundi ya kuyeyuka kwa joto inatosha na inatengulika. Ila ufito ulioachwa ndani ya gari juani unaweza kuilegeza. Usikibane kwa koleo. Mafundi wa kukereza tulio nao wanaweza kuchonga kiungio kipya kwa shaba, na kwa ufito wa kuvulia kila wiki ni msaada mkubwa, lakini kile cha zamani kihifadhiwe kwenye mfuko pamoja na ufito.

Nani anunue

Hariri ya YLI 100 tunaipendekeza kwa yeyote anayefunga kipete hata kimoja kwenye ufito wa mwanzi. Ni ghali kuliko uzi wa kawaida mara kadhaa, lakini rola moja ni ufito mzima, ni nyepesi, na inasafirishwa kwa posta bila tabu.

Epifanes tunaipendekeza kwa sharti la subira. Mwenye ufito mmoja tu na wiki mbili za nafasi atapata kazi safi. Mwenye haraka ya msimu aache vanishi ya zamani ilivyo, afunge vipete vilivyolegea, apake vifungo hivyo tu. Upatikanaji ni shida: vanishi ni mzigo unaowaka, na ndege nyingi haziubebi kirahisi. Waulizeni kwanza wanaohudumia boti za mbao Mombasa na Dar es Salaam kabla ya kuagiza nje. Kopo likishafunguliwa linaota ngozi juu, na kila ukilifungua hewa inaingia tena. Siku ya kulifungua andaa mitungi midogo ya kioo, ijaze mpaka kwenye mdomo kabisa isibaki nafasi ya hewa, funga kwa nguvu, na andika tarehe. Mtungi mmoja wa mililita 50 ni vifungo vya fito mbili.